Chuma cha Shofere Bilali

Mawese yakimwagikia chuma cha moto hutoa harufu nzito, kama ya maharagwe yaliyoungua, ila yenye ukali wa kutu ndani yake. Juzi mjukuu wangu alimwaga kijiko kizima juu ya jiko, na kabla sijamkaripia nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Wamaza, nimesimama mbele ya kamyoneti iliyoinama upande mmoja. Nitawasimulia ilivyokuwa, pamoja na sehemu isiyonipendeza.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Baba na mama walifariki katika masika moja. Mimi, Zaina, nilikuwa na miaka kama kumi na minne. Nyuma yangu kulikuwa na Yuma, wa miaka kumi, na Mwamini, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa bado yanang'oka. Niliacha shule juma lile lile, kitabu nikakirudisha kwa mwalimu nimekifunga katika jani la mgomba kisilowe. Wazee wa ukoo walikwishapanga: Mwamini aende Kasongo kwa baba mdogo, Yuma aende kwa mjomba kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila, na mimi nitafutiwe mume. Niliwaomba msimu mmoja tu. Kapita wa pamba, msimamizi wa mashamba, alikuwa amesema kwamba shamba la baba likilimwa na kuvunwa, nyumba yetu itahesabiwa bado imesimama. Wakanikubalia, huku wakicheka.

Lakini majembe ya baba yalikuwa yameliwa na mawe mpaka yamebaki kama vijiko. Na chini ya kitanda chake kulikuwa na mabamba mawili marefu ya chuma, yaliyopinda kidogo kama upinde. Yalikuwa mabamba ya resori, vile vyuma vinavyolaliana chini ya gari kulibeba lisigonge barabara. Aliyeyaacha ni shofere Bilali, rafiki ya baba, aliyeendesha kamyoneti ya mfanyabiashara mmoja, gari dogo la mizigo, kati ya Kabambare na Kasongo. Barabara ile ilivunja resori kama watu wanavyovunja karanga, kwa hiyo Bilali alikuwa na akiba yake katika nyumba mbili tatu njiani. Baba alifagia chini ya kitanda yeye mwenyewe, anasogeza vyuma, anavirudisha. "Hii ni amana ya Bilali," alikuwa akisema. "Hata kutu yake si yetu."

Kwa hiyo nilijua ni vya nani. Sitajificha nyuma ya utoto wangu. Nilijua pia, kama kila mtu wa kwetu alivyojua, kwamba hakuna jembe linaloshinda jembe la chuma cha resori. Nilivipeleka kwa mfua chuma Kalonda, naye akanitolea majembe matatu na panga moja. Tukalima. Pamba ikaota, ikafunga, ikaanza kufunguka nyeupe.

Hapo ndipo baba mdogo alipofika kutoka Kasongo, kabla ya mavuno, kumchukua Mwamini. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa cha siku chache, na alikuwa akimngoja Bilali apite kutoka Kabambare awapakie. Bilali akapita kweli, asubuhi moja, lakini tulilisikia gari kabla ya kuliona. Chuma kilikuwa kinapiga chuma, ngwa, ngwa, ngwa. Lilisimama uwanjani kwetu likiwa limelala upande wa kushoto.

Bilali aliingia chini yake, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. "Bamba ya pili imekatika," alisema. "Na mipira ya misumari yake imekwisha kabisa. Lakini haizuru, niko na amana kwa ndugu yangu." Akanigeukia akitabasamu. "Mama Zaina, niletee chuma zangu."

Nilitaka kusema zimeibwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake niliingia ndani, nikatoka na jembe, nikaliweka miguuni pake.

"Ni nini hii?"

"Ni chuma yako, baba."

Mtu mmoja kati ya waliokuwa wamekusanyika akaangua kicheko. "Bilali, panda basi! Jembe itakufikisha Kasongo bila petroli!"

Baba mdogo hakucheka. "Muliona?" aliwaambia wazee. "Mutoto anakula amana ya mutu, baba yake hajaoza. Na ni huyu munataka kumuachia watoto?" Nilitazama nyuso zao moja moja, na kila uso ulikuwa umeshakata shauri.

Bilali aliligeuza jembe mkononi, akipima makali kwa kidole gumba. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema nitaleta chuma kingine. Njia ya Kabambare, mwendo wa saa tatu, kulikuwa na kamyo kuukuu, lori zito, lililotumbukia bondeni tangu zamani, na mwenyewe alikuwa ameliacha. Bilali alikata kijiti kwa upana wa bamba lake, akanipa. "Upana ikiwa sawa na hii, leta. Urefu Kalonda atapunguza. Mimi siwezi kuacha mizigo ya bosi." Akampa Yuma ufunguo mkubwa wa kufungulia bulo, yale maboliti ya gari.

Tuliondoka mimi na Yuma. Sote wawili tulikuwa tumeelewa jambo moja: tukirudi na chuma, gari litapona, na likipona litaondoka na Mwamini.

Kamyo lilikuwa limelala ubavu, limeshikwa na miti miwili myembamba na mizizi. Nilitambaa chini yake. Bulo zilikuwa zimeshikana kwa kutu, ila ile ya katikati ilikuwa imeliwa mpaka imekuwa nyembamba kama unyasi. Nilishikilia ufunguo, Yuma akausimamia kwa miguu miwili, akiruka. Bulo ilipokatika, kamyo zima liliguna na kushuka kiasi cha kiganja. Udongo uliniingia mdomoni. Nilisikia Yuma akilia, "Yaya! Yaya!" kama tunavyomwita dada mkubwa, na sikuweza kumjibu mpaka nilipohakikisha kifua changu bado kinapanda na kushuka. Kisha nikalipima bamba kwa kijiti. Upana ulikuwa sawa.

Tulipofika kwenye kijito, tulishusha chuma kunywa maji. Yuma alitazama mahali penye kina, maji yalipokuwa meusi.

"Yaya, tuseme tulikosa."

"Tutaitupa?"

"Itajiangukia tu. Nani alituona?"

Nawaambia ukweli, nilikaa pale muda mrefu. Nilimwona Mwamini akipanda gari. Nilijiona nikimsuka nywele jioni ile badala ya kumuaga. Kisha nikasokota tena ngata ya majani, nikaiweka kichwani. "Nipandishie," nilimwambia Yuma. Alinipandishia, akatangulia mbele mpaka nyumbani.

Kesho yake asubuhi Kalonda alipasha moto ncha mbili tu, Bilali akiwa amesimama juu yake kama mkunga. "Tumbo yake usiunguze, Kalonda! Ukiiunguza itakuwa laini kama jembe."

"Jembe zangu si laini," Kalonda alinung'unika. "Muulize huyu mutoto kama ni laini."

Ncha zilipokatwa, walizipaka mawese zikiwa bado na moto, na moshi ule ndio ulionirudisha Wamaza juzi. Kisha Bilali alipandisha gari kwa kriki, ile jeki yake, na magogo, akatoa bamba lililokatika, akaliingiza langu, akayabana yote pamoja. Mahali pa mipira iliyoisha, ile inayozuia misumari isisuguane na chuma, alitia pete alizozikata katika ngozi ngumu ya kiboko, iliyolowekwa usiku kucha. Alifanya kila kitu polepole mno. Mwamini alikuwa ameshapandishwa nyuma, amevaa gauni lake, bonge la nguo magotini. Alikuwa akinitazama bila kulia, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Gari liliteremshwa. Lilikaa sawa, kulia na kushoto. Bilali alilikandamiza kwa uzito wake wote. Likapanda, likashuka, likatulia bila sauti. Baba mdogo akafungua mlango wa mbele.

"Ngoja," Bilali alisema. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Teremusha mutoto."

"Kwa nini?"

"Chuma hii ni ya kuazima, haijazoea gari yangu. Watu siwezi kupakia. Nitajaribu na mizigo ya bosi tu."

"Jana ulisema tutaenda!"

"Jana sikuiona chuma."

"Basi mutoto abaki, unibebe mimi peke yangu!"

Bilali alimpima kwa macho kuanzia kichwani mpaka kitambini. "Wewe? Na tumbo hii? Resori itanilaani."

Watu walicheka, na safari hii baba mdogo ndiye aliyechekwa. Aligombana, akatishia, lakini kibali chake kilikuwa kinaisha na Kasongo ilikuwa mbali. Mchana ule aliazima baiskeli. Mtoto, mzigo na vilima vile havikutoshea kwenye baiskeli moja. Alisema atarudi kiangazi. Alirudi kweli, akaikuta pamba imeshapimwa, jina la nyumba bado liko katika kitabu cha kapita, na sisi watatu tumekaa kwenye sahani moja. Alikula nasi, akalala, akaenda zake, na habari ya Mwamini hakuitaja tena.

Kwa miaka mingi niliamini tumeokolewa na ubovu wa chuma. Nilikishukuru kimoyomoyo kile chuma cha bondeni kwa kuwa dhaifu.

Yuma alikuwa fundi wa magari Kasongo alipokuwa mtu mzima. Siku moja, amelala chini ya gari, nilimkumbusha habari ile. Alitoka, akanitazama kwa mshangao, akaweka ufunguo chini.

"Yaya, hukujua? Ile bamba ilikuwa ya kamyo! Ya kubeba magunia! Kamyoneti yake ilitoka kwetu na nguvu kushinda siku ilinunuliwa. Angeweza kupakia harusi muzima."

Nilikaa chini pale pale, juu ya tairi kuukuu. Niliyemlia amana yake alikuwa amenilipa kwa uongo, mbele ya kijiji kizima, akakiacha chuma kile cha kamyo kiitwe dhaifu, jina baya ambalo hakikustahili. Alipita kwetu misimu mingi baada ya hapo, akapiga honi, nikampungia mkono kama ninavyompungia mpita njia yeyote. Wakati Yuma ananieleza, Bilali alikuwa ameshazikwa.