Flashi ya Kwaya Ilipokutana na Mac

Fundi wa kompyuta hapa Kimulot ni mimi, na hata baada ya Jumapili iliyopita bado ni mimi. Kanisa letu lilitaka laptopu ya kuonyesha nyimbo ukutani. Kamati ilikutana kwenye kituo cha kupimia majani chai baada ya lori la kuyabeba kuondoka, na wengi walitaka Windows kama ile ya shule. Nikasimama. "Windows ni ya kujifunzia. Mac ndiyo laptopu." Mac yenyewe nilikuwa nimeiona kwa simu tu.

Mama Chebet, mwenyekiti wa kwaya, akauliza, "Sasa hiyo itasoma flashi yetu?"

"Mama, hiyo inasoma kila kitu!"

Mac ikanunuliwa. Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Jumapili nikaibeba hadi mbele, nikasimama nayo kando ya mchungaji. Tulipofumba macho, nikaamua kuchomeka flashi, ili wakisema amina wakute nyimbo ukutani. Upande wa kulia hakukuwa na tundu la kuitosha. Kushoto kulikuwa na vitundu vyembamba visivyoingiza hata ncha yake. Nikaigeuza juu chini. Mchungaji alikuwa anakaribia kumaliza, nikamnong'oneza, "Pastor, ongeza kidogo."

Nilinong'ona ndani ya maikrofoni yake. Kanisa zima likafumbua macho, likanikuta nimeibeba Mac ikiwa kifudifudi, flashi mdomoni.

"Mchungaji," Mama Chebet akasema kutoka kwaya, "tuendelee kuomba, ama mtu akimbie shuleni alete ile Windows?"