Kila Mtu na Wembe Wake

Jumamosi ilikuwa siku ya kunyolewa. Mahabusu tulikuwa vijana kumi na wanane wenye kesi, na wembe ulikuwa mmoja. Tulichuchumaa uani kwa mstari, baridi ya Njombe inang'ata masikio, na nyapara, kijana mwenzetu, anatupitia kichwa baada ya kichwa. Damu ikitoka anafuta wembe kwenye suruali yake, anaendelea.

Mimi nililetwa kutoka Makambako. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imefurika, nami nikachomoa jinzi moja kwenye robota la mfanyabiashara. Njaa sikuwa nayo, nilitaka mtaji. Hata mle ndani niliwasimulia wenzangu duka langu litakavyokuwa, na rangi ya mlango nilikuwa nimeshaichagua. Walinicheka, ila walisogea kusikiliza.

Siku moja akaja nesi wa hospitali ya misheni. Alituambia ya UKIMWI, ya wasichana, ya kondomu, afande wetu akakohoa. Kisha akaona mikwaruzo vichwani mwetu.

"Wanangu, mdudu huyu anapita hata kwenye wembe. Kila mtu na wembe wake. Semeni."

Tukasema. Afande akaitikia kwa kichwa. Nesi akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata wembe ulikuwa ule ule.

Rafiki yangu alitoka Ludewa, kando ya ziwa. Walimkamata kwa uzururaji, na kesi yake ilikuwa inaisha: Jumatatu hakimu angemwachia, mama yake alishapelekewa habari. Lakini kila Jumamosi zamu yake ilifuata ya kijana mwenye vidonda kichwani.

"Nimebakiza kunyolewa mara moja tu," aliniambia. "Hiyo moja ndiyo itaniua."

Hapo wazo likanijia, nikaliona zuri sana. Dada yangu alipokuja kuniona nilimnong'oneza. Safari ya pili, wiki hiyo hiyo, akaleta mche wa sabuni, ndani amechomeka nyembe mbili mpya. Mmoja nilimpa rafiki yangu, akauficha kwenye pindo la kaptula. Jumamosi tungempa nyapara atunyoe kwa hizo. Nilikuwa na hakika afande atafurahi. Si alikubali mbele ya nesi?

Ijumaa wakaja kupekua. Nilikuwa chooni nikasikia buti, nikachungulia, nikautupa wembe wangu shimoni. Rafiki yangu alikuwa amekaa uani, hatua chache tu, anaota jua. Ningepiga mluzi angegeuka. Sikupiga.

"Nini hiki?" afande akamuuliza, wembe wa kwenye pindo mkononi.

"Wembe, afande. Wa kunyolea. Nesi alisema."

"Nesi alisema." Afande akawageukia wenzake. "Bwana mkubwa ana kinyozi wake. Ulitaka kumchinja nani?"

"Simchinji mtu, afande. Naogopa ugonjwa."

"Basi leo utajua cha kuogopa."

Wakamlaza kifudifudi, wakamchapa nyayo mbele yetu. Waliuliza nani kampa. Alilia, akaita mama yake, hakunitaja. Mimi nilikuwa natazama sisimizi.

Kesho yake hakuweza kusimama, wakambeba mpaka kwenye mstari. Afande mwenyewe alimpanga nyuma ya yule wa vidonda, akamwambia nyapara asitumie maji. Nyapara alisita. "Mnyoe," afande akasema, "tuone huo ugonjwa wake." Damu ilishuka mpaka kwenye nyusi.

Jumatatu hakuachiwa. Alisomewa kosa jipya, la kukutwa na silaha. Mama yake alikaa getini na kikapu cha dagaa hadi jioni. Afande alipokea dagaa, akamwambia arudi mwezi ujao.

Nesi alikuja tena, na tabasamu lake lile lile.

"Wanangu, siku ile tulisema nini?"

"Kila mtu na wembe wake," tukaitika. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko za wote. Nilikuwa nimezoea kuwapendeza watu.

Akamtazama rafiki yangu aliyekaa nyuma yangu, miguu ameikunja.

"Na wewe mwanangu, mbona huitiki? Umesahau?"

"Sijasahau, mama," akasema.

Nesi akampongeza, akaendelea na somo.