Mama wa Shairi Alipika Nini?

Mwongozo wa walimu ulisema shairi lile la vita lina maudhui matatu: heshima, wajibu na familia. Nikayaandika ubaoni vivyo hivyo, kama mtu anayejua anachofanya. Katika shairi, mama anamkabidhi mwanawe mkuki mbele ya kijiji kizima na kumwambia arudi na ushindi au asirudi kabisa. Hatoi hata chozi. Darasa langu pale Homa Bay likaguna. Kwetu, mama asiyelia huulizwa maswali.

Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Madam, siku hiyo huyo mama alimpikia kijana nini?"

"Hilo halitahiniwi," nikamjibu. "Keti."

Muhula huo huo baba akafariki, tukamrudisha nyumbani Lambwe. Kaka yangu, mwanajeshi, akaja kwa ruhusa kutoka vitani. Baada ya mazishi angerudi huko. Alikuwa amekonda, na kila alipoketi alitafuta ukuta wa kuegemea. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo ndiye angetangulia kwenye tero buru, wanaume wanapobeba mikuki na kukimbiza ng'ombe wa marehemu hadi malishoni ili kuifukuza mauti bomani. Wazee walifurahi kweli. Safari hii mauti ingefukuzwa na mtu aliyefunzwa na serikali!

Filimbi zikalia, ng'ombe wakatimka. Kisha vijana wa boda boda, ambao siku hizi hakuna matanga bila wao, wakaanza kupasua ekzosi za pikipiki kama risasi: pa! pa! pa! Kaka akautupa mkuki, akalala kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, mikono kichwani, akitetemeka.

Watu wakacheka. Haki ya Mungu, walicheka! Nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja, nikianza na baba mdogo, aliyekuwa akibweka: "Huyu ndiye askari? Inuka, unatuaibisha!" Baba mdogo mwenyewe hukimbia bata mzinga.

Mama akatoka amevaa koti la baba, kama wajane wa kwetu wavaavyo, mikono mirefu ya koti ikimfunika vidole. Akaketi pale pale kwenye mavi, akakipakata kichwa cha mwanawe.

"Shemeji," akasema, "kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Cheka basi. Kilio cha leo kinanitosha."

Baba mdogo akakumbuka kwamba kuna viti vya kupanga.

Jioni Mama akaingia jikoni, akamkaangia kaka omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nikisonga ugali, nikamsikia akimsihi. "Nyathina, mwanangu, usirudi huko. Waambie unaumwa. Waambie mama yako amekuwa kichaa." Kaka akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Asubuhi wazee wakajipanga langoni kumuaga. Mama akampa mkono mbele yao, akapaza sauti: "Nenda, mwanangu. Utuletee heshima." Hakulia. Wazee wakapiga makofi, na kaka akaondoka ameinua kichwa. Baadaye nilimkuta Mama jikoni, amejiziba mdomo kwa mkono wa lile koti, mabega yakimtikisika.

Niliporudi shuleni nilimtafuta yule msichana kabla ya kufungua kitabu.

"Omena," nikamwambia. "Alimpikia omena, na akamwomba asiende. Mtunzi alikuwa langoni na wazee."