Benigna na Buni Aliyoimeza Baba Yake

Saa moja asubuhi, umande bado umelala kwenye rweya, uwanda wa nyasi nje ya kijiji huko Izimbya, Bukoba Vijijini. Benigna ameinama, mundu mkononi. Leo kila fungu la nyasi lina jina.

"Karugendo!" Fungu linaanguka. "Karugendo tena!"

Benigna, miaka sitini na minne, hukata nyasi za kutandaza migombani. Mzigo mmoja shilingi elfu mbili. Siku njema hufikisha mitatu; siku mgongo ukigoma, mmoja na maombi.

"Migomba yao nimeitandikia kitanda," anasema, "lakini mgeni ni mimi."

Mgeni wa tangu mwaka 1961! Wazazi wake walikimbia Rwanda naye mgongoni, hana hata jino. Waliopitia kambini walipata karatasi. Baba yake alipokelewa na mtu, Mzee Kashaija, aliyemkatia pembe ya kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani. Wakafunga omukago, undugu wa damu wa Wahaya: tunda moja la kahawa, buni mbili, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake. Atakayemtupa nduguye, au uzao wake, tumbo litamvimba mpaka kaburini.

"Baba alimeza buni. Hakupewa risiti."

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kuhakiki wakazi, mwenyekiti wa kitongoji, Josia, aliuliza nani anaijua familia ya Benigna. Karugendo, mtoto wa Kashaija, akatazama viatu vyake.

"Viatu vipya, waitu," anasema Benigna. "Labda vilikuwa vinamsemesha."

Bila shahidi, ataandikwa kati ya wanaotakiwa kuondoka. Binti yake Annastella, aliyeolewa Muleba, tayari anaulizwa bibi wa wanawe alitoka wapi. Baba na mama wa Benigna wamezikwa pale pale migombani.

"Na wao niwafungashe kwenye gunia?"

Karugendo, alipofuatwa nyumbani kwake, hakukana. "Dada Benigna namjua. Lakini walikuja wakimbizi wa miaka ya sitini, wakaja wa tisini na nne, kuni zikaisha, rweya ikalimwa. Nina vijana watano. Kibanja hakivutiki kama ulimbo! Na hao wakubwa waliotuambia tupokee, walileta hata jembe?"

Benigna anaposimuliwa hayo, mundu unasimama hewani.

"Hapo kwa wakubwa kasema kweli. Basi awakasirikie wao! Mama yake alipolala kitandani miezi saba, nani alimwosha? Nani alimlisha ndizi za kupondwa? Karugendo alikuwa Mwanza, anatafuta maisha. Mawe, mama wee! Mikono ya mgeni ilimfaa mama yake, leo haifai kijijini?"

Kikao cha mwisho ni Jumatatu. Gauni la kanisani limeshafuliwa. Jioni, kwenye mbuni ulio mlangoni pake, Benigna anachuma tunda moja jekundu, analiminya. Buni mbili zinateleza kiganjani.

"Jumatatu nitachuma kama hili. Moja nitaimeza mimi, mbele ya watu wote. Ya pili nampa Karugendo. Ameze, kisha aseme hanijui."

Na akikataa kumeza?

"Kijiji kitakuwa kimepata shahidi." Anafuta mundu kwenye kanga. "Halafu Jumanne narudi rweya. Migomba ya Karugendo mwenyewe iko uchi, na mvua inakuja."