Namna Nilipasua Neno ya Baba Mukwe Mbele ya Batu

Bandugu, hii habari nilikuwa nimeapa nitaenda nayo mu kaburi, mais juu tante Kahindo, shangazi ya muchumba wangu, ameisha kuieleza soko yote ya Beni (na kila mara anaongeza yake), afazali muisikie mu kinywa ya mwenyewe. Ile haya yenye nilipata siku ile haijaisha mu mwili. Hata leo nikiwa ninanawa uso asubuhi, ikinirudilia, ninafunga macho na ninaacha maji inapita bure mu mikono.

Mimi ni Kambale, wa Vulamba, hapa Butembo, ninasoma infirmier, kazi ya kuuguza. Kitu ya kwanza mujue ni kwamba niko mutu wa kuota muchana. Mama ananituma chumvi, ninarudi na sabuni, na si juu ya ubaya, ni juu mu njia nilikuwa fasi ingine kabisa. Sasa mutu kama huyo, unamupatia professeur wa terminologie, unamumaliza. Yule professeur alitufundisha kwamba maneno ya hospitali ni ya kuungaunga: mbele préfixe, katikati racine, nyuma suffixe, na ukijua vipande, hakuna neno itakuogopesha tena. Na alikuwa na namna yake ya kufundisha: anapiga kofi moja, pa!, anasema neno, na classe yote tunainua mukono na tunaipasua mu hewa kama mama anakata sombe, majani ya muhogo. Hépato! Ni ini. Mégalie! Ni kukua kupita kipimo. Tachy! Mbio. Cardie! Moyo. Pa! Neno ingine.

Ilinishika mubaya. Asubuhi, wakati ukungu ya Butembo ingali imelala juu ya mabati na batu banatoka ndani yake kichwa kwanza, nilikuwa ninatembea polepole nikiona maneno inapita mu hewa na inafunguka yenyewe, kipande kwa kipande, bila kelele. Ilikuwa utamu yenye siwezi kueleza. Niligongwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao, mara moja (haikukuwa na mizigo, Mungu ni mukubwa), na hata pale chini, mbele ya kusikia maumivu, nilipasua jina ya mufupa yenye iliniuma.

Na ni vile nilimupata Kavira. Alikuwa anajifunza couture, kushona nguo, hapa Butembo, anaimba na sisi mu korali ya paroisse, na siku moja nikitoka naye mu répétition ya nyimbo nikamuambia: "Kavira, weye unanipatia tachycardie." Akauliza ni ugonjwa gani hiyo. Nikamupasulia: tachy, mbio, cardie, moyo. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Basi kuja uambie baba yangu."

Baba yake, muzee Paluku, anakaa Beni, ni mununuzi wa kakao, mutu murefu wa kofia, mutu mwenye akikohoa mu uwanja ya parcelle yake hata bajirani banapunguza radio. Tukapanga siku ya kujionesha kwa bakwe. Sasa kwetu, munajua, muchumba siku ile hana kinywa. Kinywa yake ni ile ya mukubwa wake, mimi wangu alikuwa baba mudogo Mbusa, mwenye anauzisha maharagi ya Kirumba na mwenye anajua kusemesha batu mpaka banasahau juu nini balikasirika. Na mbele ya mukwe, hata neno "tumbo" unazunguka, hautaji. Baba mudogo alinionya vizuri: "Kambale, siku ile weye ni mbuzi kama bale mbuzi yenye tunapeleka. Mbuzi hapana kusema. Unaangalia chini, basi."

Mais mu taxi ya kwenda Beni, baba mudogo akitaka turudilie namna ya kuingia, nani anatangulia, nani anakaa wapi, mimi nikafunga macho nikajifanya nimelala. Ile tu. Ni ile kitu kidogo yenye iliniua. Nilitaka tu kubaki peke yangu na maneno yangu, juu examen ilikuwa karibu, na juu barabara ilikuwa nzuri siku ile, miti inapita, joto inaanza kupanda vile tunashuka, basoda ku barrière banatusemesha Lingala nusu na usingizi, na mimi ndani ya kichwa: pa! Néphro, figo. Pa! Lithiase, mawe. Tulifika Beni nikiwa mubichi kabisa, niko naelea.

Salon ya muzee Paluku ilikuwa na rideau, pazia ya kijani ku dirisha, jua inapita ndani yake, batu bote bamekuwa kama bako chini ya maji. Batante kwa mukeka. Bazee kwa viti. Mama ya Kavira anazunguka na birika ya chai. Kavira mwenyewe nyuma ya rideau ya mulango wa chumba, naona tu vidole vyake vya muguu chini ya rideau, na ile vidole peke ilitosha kunitoa akili. Baba mudogo akaanza vizuri, akasalimia, akauliza habari ya mashamba, ya kanisa, kisha kama inavyofaa akauliza: "Na afya, muzee? Tulisikia ulilazwa kule kwetu Butembo."

Muzee akapangusa kofia. "Afya iko. Balinipasua. Ni mambo ya moyo."

"Moyo!" batante bakaitika, banashika vifua.

"Tunamukataza chumvi," tante Kahindo akasema. Huyu ni dada yake muzee, mama munene wa sauti, na ni yeye anaongoza kikundi ya maombi. "Chumvi, mafuta, hasira, yote tumemukataza. Kila jumatano tunaombea ile moyo."

"Docteur aliniambia hata jina yake," muzee akasema. Nikaona anajipanga kwa kiti, anainua kidevu, anafurahi. Akapiga kofi moja, pa!, akasema polepole, kila kipande na heshima yake: "Adénomectomie transvésicale."

"Eeeeh!" salon yote.

Bandugu, ile kofi. Nawaapia, sikukuwa Beni tena. Nilikuwa mu classe, mwangaza ya kijani, professeur ananiangalia, ananingojea mimi peke yangu. Nikasikia sauti moja tamu inatoka mbali. "Adéno," ile sauti ikasema. "Ni tezi." Na nikaona mukono unapanda mu hewa unapasua. Mukono wangu.

Kiwiko ya baba mudogo ikaniingia mu mbavu. Mais tante Kahindo tayari amegeuka, macho yanang'aa. "Hee! Mukwe anajua! Acha mutoto aseme, baba Mbusa, acha aseme!"

"Ome, ni uvimbe. Ectomie, ni kukata na kutoa inje."

"Banasoma, hawa batoto banasoma!" tante mwengine akasema, na mimi, ee Mungu wangu, nilisikia utamu. Mama ya Kavira akakohoa. Akakohoa tena. Akakuja na birika akamimina chai mu kikombe yangu yenye ilikuwa imejaa, chai ikanimwangikia ku goti, na hata ile moto haikuniamusha. Nilikuwa nimebakisha vipande viwili tu, na mutu mwenye anapasua neno hawezi kuiacha katikati.

"Trans, ni kupitia. Vésica, ni kibofu ya mukojo."

Batante bakaangaliana.

"Kibofu?" tante Kahindo akauliza. "Na moyo iko wapi humo?"

"Moyo haiko humo, tante. Ni ile tezi ya banaume, inakaa chini ya kibofu, pale karibu na..." na mukono wangu, ule ule mukono, ukashuka kuonesha, juu ya suruali yangu mwenyewe, mbele ya mama mukwe na birika yake.

Ni pale niliamuka.

Mutu moja kwa viti vya nyuma alitoka mbio, na tukamusikia anacheka huko inje, anajaribu kujizuia, anashindwa. Tante Kahindo alikuwa ameweka kikwembe ku kinywa. "Kumbe jumatano yote ile," akasema ndani ya kitambaa, "kumbe tulikuwa tunaombea..." hakumaliza, mabega yake yakaanza kutetemeka. Mama ya Kavira akaingia ku jikoni na hakutoka. Muzee Paluku akasimama. Akavaa kofia yake polepole, akaiweka sawa, akatoka kwa mulango ya nyuma bila kuangalia mutu.

Sasa baba akitoka, kujionesha imekufa, hakuna wa kupokea. Baba mudogo Mbusa aliniangalia na macho yenye sijaona tena. "Mbuzi, Kambale," akasema. "Nilikuomba tu ukuwe mbuzi." Na nyuma ya rideau nikasikia Kavira, hakupiga kelele, alisema tu, na sauti ya mutu anayelia: "Kambale, umeniua."

Ile ilinipasua mimi. Mambo ya muzee, mambo ya batante, ningeweza kubeba. Mais huyu binti alikuwa amejifungia mu chumba na nguo yenye alishona mwenyewe kwa siku hii, na mimi nilimuharibia juu ya vipande vya maneno. Nilitaka nilie, nikaogopa nitakosea pia ile.

Kisha mama ya Kavira akaonekana ku mulango, akasema akiangalia ukuta: "Muzee anamuita. Peke yake."

Alikuwa nyuma ya nyumba, fasi kakao yake inaanikwa kwa mahema yenye imetandikwa chini, anaigeuza na muguu, polepole, harufu yake ya uchachu inapanda ndani ya jua. Nilisimama mbali. Nilijua atanipiga, na nilikuwa nimekubali.

"Ile kipande ya katikati," akasema bila kugeuka. "Rudilia."

"Ome, muzee."

"Ome. Ni uvimbe."

"Ndiyo, muzee."

Akageuza kakao. "Mu salle yetu ya hospitali mulikuwa mugonjwa mwengine. Neno yake pia iliisha na ome. Alikufa kitanda ya pembeni yangu." Akasukuma mbegu na muguu. "Tangu nilirudi, hii ome ndiyo ninalala nayo."

Nikauliza na sauti kidogo kama ile neno ingine ilikuwa carcinome. Akasema ndiyo, ndiyo iyo. Basi nikamuelezea, mais sasa polepole, bila kupasua hewa: ome ni uvimbe tu, kipande ya mbele ndiyo inasema ni uvimbe ya namna gani, carcino ni kansa, adéno ni tezi, adénome si kansa. "Mais muzee," nikasema, "mimi ni mwanafunzi. Docteur wako ndiye alikuona ndani. Rudi kwake, umuulize wazi."

"Alisema mbio mbio. Mimi nikasema merci docteur." Akavua kofia, akapangusa uso nayo, na nikaona si jasho peke. Miezi yote ile alikuwa anabeba ile neno mbele ya batu kama medali, kumbe yeye mwenyewe anaiogopa. Nilisikia huruma mpaka nikasahau haya yangu.

Akarudisha kofia. "Unajua kueleza. Mais umenivua nguo mbele ya badada zangu. Rudi kwenu."

"Na Kavira, muzee?"

"Rudi kwenu, nimesema."

Tukarudi na mbuzi zetu. Njia yote baba mudogo hakunisemesha, na mbuzi nyuma ya gari ndiyo ilikuwa inasema kwa niaba ya bote. Kavira hakushika simu yangu. Mu classe professeur akipiga kofi, mimi ninaweka mikono chini ya matako. Ukungu ya asubuhi ilibaki ukungu tu, hakuna kitu ilikuwa inapita ndani yake, na nilikonda mpaka mama akaanza kunipikia pekee.

Kisha siku moja baba mudogo akakuja kwetu, akakaa, akaomba maji, akakunywa yote mbele ya kusema. Muzee Paluku alikuwa amerudi kwa docteur. Ameuliza. Haikukuwa kansa. Na ametuma neno: tunaweza kurudi, na mbuzi moja ya kuongeza, ya kufunika haya. "Na mutoto?" baba mudogo alimuuliza. Muzee akajibu: "Mutoto akuje. Mais akae inje."

Ni vile nilijionesha kwa bakwe, bandugu: nikiwa nimekaa ku banc ya mbao chini ya ukingo wa mabati, mvua inapiga Beni yote, batu bananipita banaingia ndani banasema "pole" na kucheka. Nilisikia sauti ya baba mudogo inaanza. Kisha mvua ikaongezeka, sikusikia kitu tena. Ndani banasema maisha yangu, na mimi ninaangalia maji inachimba mashimo mu udongo. Nilikaa pale mpaka nikasikia kama ninaota, na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu niliogopa ile ndoto, nikajifinya mukono nibaki macho.

Vigelegele ikapasuka ndani, juu ya mvua.

Hakuna mutu alitoka kuniambia kitu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, sikujua kama nina ruhusa. Mulango ikafunguka, Kavira mu ile nguo yake. "Ingia," akasema. "Mais ukifungua kinywa, Kambale, ninakataa palepale, mbele ya batu bote." Na alikuwa analia, na alikuwa anacheka.

Nikaingia, macho chini. Muzee Paluku akanisogezea kiti bila kuniangalia. Sijakaa vizuri, tante Kahindo akaniinamia ku sikio: "Mukwe, haya magoti yangu docteur aliyaita gonarthrose. Ni nini hiyo?" Vipande vyote vikanipanda mu shingo, vimejipanga tayari. Nikakamata kikombe, nikavimeza na chai ya moto. Na toka siku ile ni vile ninafanya: neno ya mugonjwa ni ya mugonjwa, akitaka ifunguliwe aniite pembeni, tubaki babili, na mikono yangu itabaki mu mifuko.