Kisu cha Kiganjani

Kosa nitakalolieleza ni kumshuku mtu kwa sababu ya chombo anachoshika. Halina kelele kama ugomvi, na kwa hiyo watu wenye heshima zao hulitenda huku wakijiona waangalifu.

Tuliishi Élisabethville, katika mtaa wa wafanyakazi, miaka michache baada ya vita. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na kama majirani wengi tulilima ulezi ng'ambo ya kijito, nyuma ya nyumba za mwisho. Mama mkwe alikuja kwetu kutoka upande wa Lukafu alipofiwa na mumewe. Wakati huo wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kununua miundu dukani: unashika konzi ya mabua, unavuta, unafunga mganda, shamba linaisha. Yeye alivuna kwa kisu cha kwao, bamba la chuma la urefu wa kidole, ambalo mvunaji hulibana kiganjani na kukata suke moja moja. Akikunja ngumi, huoni chombo chochote. Tena hakuvuna yote kwa safari moja. Masuke mabichi aliyaacha, akarudi baadaye kuyafuata, akipita tena mashambani kama mtu asiye na kazi.

Hilo ndilo lililomponza. Jirani yetu, fundi aliyefanya kazi karakana moja na mume wangu, alikuta pembe ya shamba lake imevunwa na mwizi. Hakuuliza nani alipita pale. Aliuliza nani anaficha kitu mkononi.

"Mama, fungua mukono," alimwambia njiani, mbele ya watu.

Mama mkwe akafungua.

"Munaona! Kisu ya kuficha. Muntu wa haki anabeba mundu ku bega, kila muntu anaona. Hii iko kintu ya mwizi. Ao ya mulozi."

"Mwanangu, ilikuwaka ya mama yangu," akajibu. "Na ye alikuwaka mulozi?"

Jioni ile mume wangu hakula. Alisema taratibu kwamba lori la kwenda upande wa Lukafu huondoka Jumamosi. Hakusema anaamini, alisema watu wanasema, na mimi niliona hilo ni baya zaidi. Mama mkwe hakuwa tena na nyumba kule, kwa kuwa ndugu za marehemu walikuwa wameichukua. Kumrudisha akiwa na sifa ya wizi na uchawi ilikuwa sawa na kumtupa.

Kesho yake jirani aliita watu shambani waone hasara yake. Alikuja pia mwanamke aliyeuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kando ya kijito. Yeye na mama mkwe walikuwa hawasalimiani tangu walipogombea mahali pa kuchotea maji, na jirani alipomwona alifurahi, akidhani amepata shahidi.

"Sema, mama. Weye unamujua."

"Namujua. Simupendi. Iko na kiburi, anapitaka pa munkoyo yangu sawa vile iko matope."

Watu wakacheka. Yeye akainama, akashika vishina.

"Lakini baba, macho yako iko wapi? Angalia: mabua imekatwa huku chini. Kisu yake inakamata kichwa tu, mabua inabakia inasimama. Wende uone shamba yao. Uyu mwizi alikuya na mundu. Sawa ile iko ku bega yako."

Hapo hakuna aliyecheka. Karibu wote waliosimama pale walikuwa na miundu mabegani, nami niliwaona wakianza kutazamana. Jirani akasema yeye alikuwa ameuliza tu.

Lori la Jumamosi liliondoka bila mama mkwe. Mume wangu hakumwomba radhi. Alimnunulia mundu mpya. Msimu uliofuata mama mkwe aliubeba begani, waziwazi, akavuna mabichi na makavu pamoja, na hakurudi shambani mara ya pili. Kile kisu sikukiona tena. Nimesoma katika vitabu kwamba vyombo vya zamani viliachwa kwa sababu vilivyokuja vilikuwa bora. Nyumbani kwetu kisu kiliachwa kwa hofu ya kuonekana umekunja ngumi.

Mwizi hakupatikana. Yule mwanamke hakuanza kumsalimia mama mkwe, wala mama mkwe hakutazamia hilo. Hata hivyo, watoto wangu wanaponiuliza nani alikuwa mtu wa haki katika mtaa ule, simtaji katekista wala mnyapara. Namtaja yeye, kwa jina ambalo mtaa mzima ulimwita: Mama Munkoyo.