Kondoo wa Mke Wangu na Mashine ya Nyasi

Miaka ya sabini, Isiolo nzima ilikata nyasi kwa fyekeo. Mimi nilijiona mjanja. Katika gereji moja nyuma ya soko niliona mashine ya kusukuma kwa mkono, kuukuu, mpini umefungwa waya. Mpya sikuthubutu hata kuuliza bei. Mwenye gereji alitaka kondoo jike tu, na jike tuliyekuwa naye alikuwa wa mke wangu, zawadi ya mama yake siku ya arusi yetu.

Nilimpeleka mke wangu gereji, akaizunguka mashine mara mbili. "Baba watoto, hii kitu inazaa?"

Akakubali kwa sharti: mvua ikiisha, awe amepata jike mwingine. La sivyo, nikalale na mashine yangu nje.

Kazi ya kwanza niliipata kwa daktari wa mifugo, kwenye nyumba za serikali. Mvua zilikuwa zimeanza. Wiki ya kwanza nilitazama nyasi, nikamwambia mama mwenye nyumba, mke wa daktari, bado kidogo. Wiki ya pili, bado. Mimi mtoto wa wafugaji, nilikua nikiambiwa nyasi changa haziguswi. Zilipofika magotini nikaleta mashine kwa mbwembwe. Ilikwenda hatua tatu, ikakwama. Niliipiga teke, nikaumiza kidole.

"Kwani ulikuwa unangojea nini?" mama mwenye nyumba akauliza. "Hii mashine inakata nyasi fupi!"

Nyasi fupi inakatwa ya nini? Sikuthubutu kumuuliza. Alinipa mpaka kesho jioni, kisha angemwita mtu wa fyekeo.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaeleza yote. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi akakusanya madume wetu waliobaki na kondoo wa majirani, akawaswaga hadi kwa daktari. Mama mwenye nyumba akashika kiuno, lakini daktari mwenyewe alisema waingie. Kufikia alasiri walikuwa wamezishusha nyasi, nami nikapita nyuma yao na mashine, ikikata vizuri ajabu. Waridi moja lililiwa.

Tangu hapo, kila aliyeniita alitaka mashine na kondoo.

Mvua ilipoisha nilimletea mke wangu jike mnene, nikasimama mlangoni kifua mbele nikingoja shukrani. Alimpapasa mgongo, akamtazama meno.

"Mpeleke kwa yule wa gereji," akasema. "Muulize kama ako na mashine ingine."